Mwizi Aliyejificha Ndani ya Jiwe

Jioni moja baada ya swala ya Isha, ndugu yetu mmoja tunayeswali naye alituomba tupite nyumbani kwake. Sebuleni mwake lipo tangi la kioo lenye maji ya bahari, alilowawekea wanawe. Samaki waliokuwa saba walikuwa wamebaki wanne, na hapakuonekana mzoga wala mwiba. Mama wa nyumba alimshuku paka. Baba alimshuku mwanawe mdogo wa miaka sita kwamba aliacha kifuniko wazi, na mtoto alikuwa ameshinda akilia.

Tulizima taa, tukaketi kimya. Baada ya muda ukasikika mlio mkavu ndani ya tangi, kama kokoto zinazogonganishwa. Kurunzi iliyofunikwa kwa kitambaa chekundu ilituonyesha macho mawili yaliyosimama juu ya vikonyo, yakichungulia kutoka katika tundu la jiwe. Mwizi hakupenya dirishani. Aliingizwa na mwenye nyumba mwenyewe, ndani ya jiwe alilolitoa baharini maji yalipokupwa.

Mnyama huyo ni jamaa wa mbali wa kamba. Tumwite kambavunjajungu, kwa kuwa miguu yake ya kuwindia hukunjwa kama ya vunjajungu. Wako wenye miguu kama mikuki, ambao huvizia samaki na kamba. Wako pia wenye miguu kama marungu, ambao huvunja magamba ya kaa na konokono, na samaki anayelala karibu na tundu lao hasalimiki. Mwaka 2004, mtafiti Sheila Patek na wenzake walichapisha vipimo vya pigo la aina moja yenye rangi za tausi, wakakuta mwendo wake unafikia mita 23 kwa sekunde.

Hayuko peke yake. Mwaka 2009, katika nyumba ya maonyesho ya samaki ya Blue Reef, mjini Newquay, Uingereza, wafanyakazi waliona matumbawe yamekatwa na samaki wanapotea. Walipoondoa jiwe baada ya jiwe walimkuta mnyoo mwenye taya kali na urefu unaozidi mita 1. Mnyoo wa aina hiyo, Eunice aphroditois, hujizika mchana na kutoa kichwa usiku, na hukua polepole bila kuonekana.

Wengine tunawanunua kwa uzuri wao. Yuko jamaa wa kiti cha pweza, wa rangi ya kijani, mwenye mikono mirefu myembamba. Usiku hujiinua juu ya mikono hiyo mfano wa kibanda. Samaki mdogo huingia chini yake akidhani amepata malazi, na kibanda humfunga. Anemoni nayo huonekana kama ua, kumbe kila unywele wake una chembe zenye sumu. Samaki wachache wenye mistari, waliozoea kuishi ndani yake, husalimika. Mgeni aliyechoka akiigusa humezwa.

Hatari kubwa kuliko zote ni ile iliyomo katika mikoba ya watoto warudipo ufukoni. Konokono mwenye kombe la umbo la pia, Conus geographus, anapatikana katika bahari yetu ya Hindi. Huwazubaisha samaki waliolala kwa sumu, kisha akawameza. Sumu hiyo imewahi kuua watu, na haina dawa mahususi ya kuizima. Mtoto na afundishwe kutogusa kombe lolote la umbo hilo, hata likionekana tupu, wala lisiingie nyumbani.

Je, viumbe hawa ni waovu? La. Kila mmoja anatafuta riziki yake kama alivyoumbwa. Baharini, samaki ana uwanda wa kukimbilia na mianya elfu ya kujificha. Ndani ya kioo hana. Sisi ndio tuliomwondolea mbio zake, kwa hiyo sisi ndio tuliobaki kuwa kinga yake. Waislamu tunakijua kisa alichokisimulia Mtume (s.a.w.) cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Kumfungia kiumbe ni kuichukua amana yake yote, ya chakula na ya usalama.

Amana hiyo ina matendo yake. Jiwe jipya lisiingie moja kwa moja katika tangi lenye samaki. Likae wiki kadhaa katika chombo cha pekee chenye maji ya bahari, nalo lichunguzwe usiku kwa mwanga mwekundu, kwani wengi wa wanyama hawa hawaushtukii. Kabla ya kununua kiumbe yeyote, muuzaji aulizwe anakula nini, na anakua hadi kiasi gani. Mkono mtupu usitiwe katika tundu la jiwe, litumike koleo.

Tena tusihukumu kwa haraka. Minyoo midogo yenye nywele na kaa wadogo wanaoishi katika makombe ya konokono mara nyingi hukutwa juu ya mzoga, wakauawa kwa tuhuma, ilhali wao ni wasafishaji waliofika baada ya kifo. Samaki akifa, maji yapimwe kwanza.

Ndugu yetu alikata shingo ya chupa ya plastiki, akaigeuza kuelekea ndani, akatia kipande cha kamba mbichi. Usiku wa tatu kambavunjajungu aliingia. Hakuuawa, amewekewa chombo chake cha plastiki, kwa kuwa pigo lake laweza kudhuru kioo, pamoja na kipande cha bomba la kujifichia. Anayemlisha kwa koleo, baba akiwa pembeni, ni yule mtoto wa miaka sita. Kabla ya kumkabidhi kazi hiyo, baba alimketisha mbele ya mama na ndugu zake, akamwomba radhi.