Darubini Iliyopigwa Kiraka

Ukivunjika mkono unapigwa eksirei, kwa sababu miale hiyo inapenya nyama. Haya, sasa jaribu kuunda darubini ya kuinasa! Ikigonga kioo cha kawaida uso kwa uso hairudi, inazama humo humo. Tena ile itokayo kwenye nyota haitufikii huku chini, maana angahewa inaizuia. Ndiyo sababu satelaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani pekee ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Kenya, ikaitwa Uhuru.

Siku hizi kazi hiyo inafanyika pia kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita 400 hivi juu yetu. Darubini ya NICER ilipelekwa huko Juni 2017. Ujanja wake ni ule wa mtoto anayerusha kijiwe bapa ziwani: kikienda kwa kulala kinaruka juu ya maji, kikishuka wima kinazama. Basi vioo vyake vimekunjwa kama vikombe visivyo na kitako, vikapakwa dhahabu na kupangwa 24, kimoja ndani ya kingine. Mafungu ya namna hiyo yako 56. Miale inaparuza ubavuni, kisha inakusanyika kwenye kigunduzi.

Kwa miale ya gama hata ujanja huo unagoma. Hapo hutumika bamba la metali nzito lenye matundu. Kivuli chake juu ya vigunduzi ndicho kinachoonyesha miale imetoka upande gani.

Sasa, kwa nini uiweke kituoni? Ni kama kupanga chumba hosteli. Umeme upo, mawasiliano yapo. Lakini nyumba inatikisika, paneli za sola zinakuziba, na kituo kinaizunguka Dunia kila dakika 90 hivi, kwa hiyo lazima darubini iwe na mota za kuigeuza ifuate nyota yake.

Faida ya majirani ilionekana baadaye. Mei 2023 iligundulika kwamba ngao zake nyembamba za joto zimeharibika na mwanga wa jua unapenya, ukivuruga uchunguzi wa mchana. Na wala haikuundwa ili ije kutengenezwa! Januari 2025 mwanaanga Nick Hague alitoka nje na viraka vyenye umbo la kipande cha keki, akavichomeka. Ingekuwa peke yake angani, nani angeifuata?

Sisi tunaochora projekti za mwaka wa mwisho huchora kana kwamba kifaa hakitaharibika kamwe. Kabla hujakabidhi mchoro wako, jiulize swali moja tu: siku kikiharibika, fundi atapitisha wapi mkono?