Nilitoka Mbulu kwenda kucheza gofu, nikakuta hakuna refa

Na Mwandishi Wetu, Mbulu

MPIRA umesimama. Hausogei. Hakuna beki anayekukaba, hakuna kipa anayekuchezea akili, hakuna jukwaa linalokuzomea. Ni wewe, fimbo na kampira kadogo keupe. Nikainua fimbo, nikaishusha kwa nguvu zote alizonipa Mungu.

Hewa. Mpira uko palepale.

"Mmoja," akasema kaka aliyenialika.

"Ule wa hewa nao unahesabiwa?"

"Unahesabiwa. Umekusudia kupiga, basi umepiga."

Hapo nikajua leo nimeyatimba. Wewe unayemtukana straika wako akikosa penalti, ipo siku njoo usimame hapa kwanza.

Mimi ni mtu wa soka. Kazi yangu ni kukimbizana na mechi, kuanzia za Ligi Kuu pale Tanzanite Kwaraa mjini Babati hadi ndondo za huku kwetu Mbulu, ambako vumbi likitimka hata mfungaji humwoni. Gofu ikitokea kwenye runinga huwa nabadilisha chaneli. Lakini kaka huyu, mtoto wa mama mkubwa, anafanya kazi Arusha na ni mchezaji wa ridhaa. Kila tukionana ananiambia naandika michezo ilhali naujua mmoja tu. Safari hii nikasema liwalo na liwe. Nikapanda basi la asubuhi kupitia Karatu na Makuyuni hadi Arusha, kesho yake tukashika njia ya Moshi hadi Usa River, kwenye uwanja wa Kili Golf.

Onyo lilikuwa moja tu: jezi niiache nyumbani. Wenzetu wanataka fulana yenye kola.

NYASI BILA NG'OMBE

Tusidanganyane, uwanja ni mzuri. Una mashimo 18, na mtu anayejua anatakiwa kuyamaliza yote kwa mikwaju 72. Aliyeuchora ni David Jones, mchezaji wa zamani wa kulipwa kutoka Ireland Kaskazini. Upande mmoja unauona Mlima Meru, upande wa pili mawingu yakiachia unauona Kilimanjaro. Tukiwa shimo la pili digidigi alikatiza mbele yetu bila haraka, kama mwenye nyumba.

Kilichonishangaza zaidi ni nyasi. Kwetu Mbulu na Hanang, nyasi ni mali. Mtu akiziona anaona ng'ombe, anaona maziwa, anaona mahari. Hapa zimemwagiliwa, zimekatwa, zimelainishwa kama zulia, na hakuna hata mbuzi mmoja. Nikamfikiria mama. Angeuliza kwanza wenye mifugo wamehamia wapi.

Halafu kuna ukubwa. Kwenye soka, goli lina upana wa mita 7.32 na bado watu wanapaisha. Hapa shimo lina upana wa sentimita 10.8 tu, na kwenye mashimo marefu unaanzia zaidi ya mita 450. Katikati wamekuwekea maji, miti na mitego ya mchanga. Mfukoni unaruhusiwa fimbo 14, mwisho. Mimi nilikuwa nazo zaidi ya nusu na sikujua ya kuanzia.

Aliyeniokoa ni mzee aliyetubebea mifuko, wenyewe wanamwita kedi. "Kijana wangu, usiupige kama unaua nyoka," akaniambia. "Fimbo ina uzito wake, iache ifanye kazi." Nikakumbuka utotoni, tukichunga, tulivyokuwa tunapiga ndulele kwa fimbo za kuchungia kuona nani atafika mbali. Nikapiga vile. Mpira ukapaa, ukakaa hewani, ukatua mbali kuliko nilivyoota. Jamani, nilishangilia kama nimefunga dakika ya 90.

Mzee yule aliujua mchezo kuliko sisi wote wawili, na aliujifunza akibeba mifuko ya watu. Hilo si jambo geni. Wapo wachezaji wazuri wa nchi hii walioanza hivyohivyo, geti likiwafungukia kwa sababu ya kazi, siyo kwa sababu ya pesa.

SABA AU TISA?

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike makala haya.

Shimo la nne mpira wangu uliingia kichakani, ukakaa nyuma ya mzizi. Kaka alikuwa upande wa pili, mbali. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Nikausogeza kwa ncha ya kiatu, kidogo tu, kama hatua moja. Nikapiga, ukatoka vizuri. Tulipomaliza shimo kaka akauliza, "Ngapi?"

"Saba."

Akaandika. Hakuuliza swali la pili. Hakuna refa, hakuna kibendera, hakuna VAR. Ukisema saba, ni saba.

Shimo la tano kaka mwenyewe akaingia majanini. Alikuwa peke yake, mgongo ametupa sisi. Mara akanyoosha mkono juu. "Umetikisika! Nimeugusa. Mmoja kwangu." Hakuna aliyeona. Hatukuwa tunachezea kikombe wala hata soda. Lakini akaurudisha mpira pale ulipokuwa, akajiongezea mkwaju, akaendelea na maisha.

Nilijisikia vibaya, wala sitaficha. Tukiwa tunaelekea shimo la sita nikamwambia, "Kaka, futa ile saba. Niliusogeza kwa mguu."

"Ukapigia pale ulipousogeza?"

"Ndiyo."

"Basi ongeza miwili. Tisa." Akafuta, akaandika. Hakunicheka, hakunisifu.

Mzee wa mifuko ndiye aliyecheka. "Nilikuona, kijana wangu."

"Sasa mzee, mbona hukusema?"

"Mimi nabeba mfuko. Kuhesabu ni kazi yako."

JONES NA MARADONA

Baadaye kaka akanisimulia habari ya Bobby Jones, Mmarekani aliyekuwa mchezaji wa ridhaa mpaka anastaafu. Mwaka 1925, kwenye mashindano ya wazi ya Marekani katika klabu ya Worcester, mpira wake ulisogea kidogo akijiandaa kupiga. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na uhakika. Akajihesabia mkwaju. Mwisho akalingana na Willie Macfarlane, wakarudiana, Jones akashindwa. Ule mkwaju mmoja ulimnyima ubingwa.

Sisi wa soka shujaa wetu ni Diego Maradona, aliyewafunga England kwa mkono mwaka 1986 na mpaka leo tunalisimulia bao lile tukitabasamu. Simlaumu, nami nimelisimulia mara nyingi. Ila wote tumelelewa hivyo: refa asipoona, halijatokea.

AKHWARI ALIJUA

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya wenye pesa, sisi Mbulu yanatuhusu nini? Ni kweli, gofu inataka ardhi, inataka maji, inataka muda. Uwanja kama ule Mbulu siuoni ukija kesho, na sitawadanganya kwamba ndiyo shida yetu ya kwanza. Sisi tumelelewa na mbio, mchezo unaotaka barabara na mapafu tu.

Lakini John Stephen Akhwari ni wa hapahapa Mbulu. Mwaka 1968, kwenye marathoni ya Olimpiki kule Mexico City, alianguka, akaumia goti na bega. Wakimbiaji 18 waliacha mbio siku ile na hakuna aliyewalaumu. Yeye akaingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Hakuna refa aliyemlazimisha. Alijihesabia mwenyewe, akaona bado hajamaliza.

Kwa hiyo mchezo wa kuwa refa wako mwenyewe tulikuwa nao zamani. Tumeusahau tu.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kwenye ndondo, nyumbani. Straika akauweka mpira sawa kwa mkono, refa hakuona, bao. Uwanja mzima ukalipuka, naye akakimbilia kwenye kibendera cha kona kushangilia. Zamani ningeandika "bao safi". Safari hii nimeandika nilichokiona.

Kadi yangu ya mashimo tisa ninayo bado. Nilipiga mikwaju 71, karibu sawa na wanayoitumia wanaojua kwa mashimo 18. Ni matokeo ya aibu, ila yote ni ya kweli.