Kwa Nini Sola Hufa Mapema Garissa

Jua la Garissa, Wajir na Mandera huwaka karibu mwaka mzima. Ndiyo maana mojawapo ya vituo vikubwa vya umeme wa jua nchini Kenya, chenye megawati 50 na paneli zaidi ya 200,000, kilijengwa Garissa kwa mkopo kutoka China na kuzinduliwa Desemba 2019. Umeme wake lakini huingia gridi ya taifa. Vijiji vya Hulugho au Balambala vilivyo mbali na nguzo za umeme hutegemea paneli chache zilizofungwa juu ya paa la zahanati, shule au nyumba. Nyingi kati ya hizo hufungwa kwa shangwe, kisha hufa kabla ya wakati wake.

Adui wa kwanza ni joto. Wengi hudhani jua likizidi ukali, umeme nao huzidi. Kumbe paneli hutaka mwanga, haitaki joto. Wati zilizoandikwa mgongoni mwake zimepimwa paneli ikiwa na nyuzi joto 25. Kila nyuzi moja inayoongezeka, paneli ya kawaida hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu zake. Mchana wa Garissa paneli huweza kufika nyuzi 65, na hapo ile ya wati 100 hutoa kama wati 84 tu, bado vumbi halijahesabiwa. Kwa hiyo fundi mzuri huacha nafasi kati ya paneli na mabati ili hewa ipite, na mwenye nyumba hupangusa vumbi alfajiri, kioo kikiwa bado baridi.

Betri ndiyo huumia zaidi. Betri ya asidi hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi kiwango chake, na bado utaikuta imewekwa kwenye kijumba cha mabati kisicho na dirisha. Haipendi pia kutumiwa hadi chaji iishe. Chaji ikishuka chini ya nusu mara kwa mara, betri inachakaa upesi. Mfumo uliopimwa kwa taa nne na friji ya chanjo huongezewa televisheni, kisha simu za kijiji kizima. Kontrola, kifaa kinachodhibiti chaji, inapokata umeme ili kuilinda betri, mtu huiruka kontrola hiyo kwa waya na kuunganisha moja kwa moja. Taa zinarudi usiku ule, lakini betri imeanza kufa. Betri za lithiamu huvumilia zaidi, ila bei yake huwashinda wengi.

Kwenye visima hali ni nafuu. Pampu ya sola huvuta maji mchana na kuyajaza kwenye tangi lililoinuliwa, hivyo kinachohifadhiwa ni maji, wala si umeme. Betri haihitajiki, na wafugaji hawasubiri dizeli iletwe kutoka mjini. Kwa eneo la ukame, haya ndiyo matumizi bora kabisa ya sola.

Mradi wa KOSAP, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kwa dola milioni 150 tangu 2017, ulilenga kaunti 14 zilizoachwa nyuma, zikiwemo Garissa, Wajir na Mandera. Ulihusu mitandao midogo ya umeme, sola za nyumbani na pampu za visima. Lakini kifaa bila fundi hakidumu. Kanuni za mwaka 2012 ziliweka sharti kwamba anayefunga sola awe na leseni, ambayo sasa hutolewa na mamlaka ya nishati, EPRA. Fundi huyo akiwa mjini Garissa na fyuzi imeungua kijijini, nauli yake huzidi bei ya fyuzi mara nyingi, na zahanati hukaa gizani. Vijana wa kijiji wafunzwe kazi hiyo.

Kamati ya kijiji inayopokea sola iulize mambo matatu kabla ya kutia saini: dhamana ni ya miaka mingapi, fundi atatoka wapi, na fedha za betri mpya zitawekwa na nani. Akiba hiyo ianze kuchangwa mwezi uleule taa zinapowashwa.