Imani na Amana: Vijana wa Kavimvira na Fedha za Simu

Maneno imani, amana, kuamini na uaminifu yana asili moja, yaani mzizi wa Kiarabu wenye maana ya usalama. Mtu humwamini yule ambaye akimwekea kitu, kitu hicho kitarudi salama. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba udugu huo wa maneno unatusaidia kufahamu jambo linaloonekana kila siku Kavimvira, upande wa kaskazini wa mji wa Uvira: kijana hutuma fedha kwa simu bila wasiwasi, lakini husita kuzilaza humo.

Chanzo cha shaka

Shaka hiyo ina historia. Mnamo Desemba 1979 serikali ya Zaire ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 si halali tena. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha, tena kwa kiasi maalumu. Waliokaa mbali na benki walipoteza akiba zao. Mwaka 1991 mpango wa Bindo mjini Kinshasa, ulioahidi faida kubwa mno, ulianguka pamoja na amana za watu wengi. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilishika nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani, na mwaka 1994 mfumko wa bei ulipita asilimia 9,000. Methali yasema akiba haiozi. Katika Zaire ya miaka hiyo iliozea mkononi. Kijana wa leo hakuyaona hayo, ila amelelewa na walioyaona, ambao kwao akiba ni dola, kiwanja, au likelemba, yaani mchango wa zamu wa watu wanaojuana.

Njia na ghala

Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Kongo mwaka 2012 kupitia Vodacom. Mteja humkabidhi wakala noti, naye huona tarakimu katika simu yake, iwe kwa faranga au kwa dola. Nyuma ya tarakimu hizo kampuni hutakiwa kuweka benki fedha zinazolingana nazo. Hata hivyo, kijana wa Kavimvira haioni benki hiyo. Amwonaye ni mwenye kibanda kando ya barabara iendayo mpakani. Wakala akiishiwa noti, tarakimu hazinunui ndagala sokoni. Kwa hiyo simu huaminiwa kuwa njia ya kupitishia fedha, lakini bado haijaaminiwa kuwa ghala.

Wala fedha zilizofichwa nyumbani hazina usalama zaidi. Mafuriko ya Aprili 2020 mjini Uvira yalibomoa maelfu ya nyumba, na kilichokuwa chini ya godoro kilikwenda na maji. Kwa upande mwingine, Goma ilipotekwa na waasi wa M23 mnamo Januari 2025, benki zilifungwa na noti zikaadimika. Hapo fedha za simu ziliwafaa wengi kwa kutumiana, ingawa kuzigeuza kuwa noti kulikuwa kazi ngumu. Funzo la Goma lina pande mbili: tarakimu ni nyepesi kwa mtu anayekimbia, lakini thamani yake humtegemea mtu wa upande wa pili mwenye noti.

Neno na ulinzi wake

Imani hulindwa pia na lugha. Vijana husema "depo", "retre" na "kode", maneno yaliyotoka katika Kifaransa. Miongoni mwao "kode" ndilo lenye hatari, kwa sababu halimwonyi anayelitumia. Tapeli apigaye simu akijifanya mfanyakazi wa kampuni huomba "kode" kana kwamba anaomba anwani. Angelazimika kuomba "namba ya siri", ombi lake lingejifichua lenyewe, maana kila mzungumzaji wa Kiswahili anajua kwamba siri haitolewi kwa mgeni.

Hitimisho

Kutokana na hayo, kusita kwa kijana wa Kavimvira kusichukuliwe kuwa ujinga wa teknolojia. Anatofautisha mambo mawili ambayo Kiswahili nacho kinayatofautisha: kumtuma mtu, na kumwekea mtu amana. La kwanza linahitaji mjumbe mwepesi. La pili linahitaji mwaminifu, na uaminifu hupimwa siku mwenye mali anapokuja kudai chake.