Eksozi, Tupa na Pistoni: Mafundi Wanavyoongeza Nguvu ya Chensoo

Katika mashindano ya kukata magogo ya Stihl Timbersports, yaliyoanza Marekani mwaka 1985, ipo raundi moja yenye kelele kuliko zote. Mshindani hunyanyua msumeno wa mnyororo wenye uzito wa kilo 27 hivi na kukata visahani vitatu kutoka kwenye gogo la kipenyo cha sentimita 46: kushuka, kupanda, kushuka tena. Walio hodari humaliza chini ya sekunde 7. Injini za misumeno hiyo mara nyingi zimechomolewa kwenye pikipiki za kawaida au zile za kuendea juu ya theluji.

Si kila mpenzi wa ufundi huo hufika jukwaani. Wengi wako nyumbani, hasa Marekani na Kanada, wakifungua chensoo ya kawaida ya dukani ili kuiongezea nguvu.

Injini ya chensoo ni ya tu-stroki. Haina valvu, ina matundu kwenye ukuta wa silinda, na pistoni ndiyo inayoyafungua na kuyafunga inapopanda na kushuka. Ikizunguka mara 13,000 kwa dakika, huwaka zaidi ya mara 200 kila sekunde. Katika muda huo mfupi lazima itoe moshi wote na kuingiza mchanganyiko mpya, kwa hiyo anayetaka nguvu huanza kwa kuipa nafasi ya kupumua.

Nafasi iliyo rahisi kupatikana iko kwenye eksozi. Tangu sheria za moshi zilipokazwa Marekani katika miaka ya 1990, viwanda vimebana matundu ya kutolea moshi na kuweka vizuizi kwenye skrubu za kabureta. Fundi hufungua eksozi, hupanua tundu au huongeza la pili, na msumeno hubadilika palepale.

Hapo ndipo wengi huua injini. Moshi ukitoka kwa urahisi, hewa nyingi zaidi huingia, na petroli huwa kidogo kulinganisha na hewa hiyo. Na kwa kuwa oili ya tu-stroki huchanganywa ndani ya petroli yenyewe, petroli ikipungua oili nayo hupungua. Joto hupanda, pistoni hutanuka, hukwaruzana na silinda na kunata. Ndiyo maana skrubu ya kabureta ya mwendo mkubwa lazima ilegezwe kidogo ili petroli iongezeke kila eksozi inapofunguliwa. Mafundi husikiliza: msumeno ukipewa mafuta mpaka mwisho bila kukata, mlio uwe na mkwaruzo wa kusitasita, kisha unyooke mnyororo unapoingia kwenye mti. Mlio mwembamba na mkali ni dalili mbaya. Wapasuaji mbao wa kwetu Tanzania wana sababu nyingine ya kulijua hili: chensoo iliyorekebishwa Mufindi, kwenye hewa nyepesi ya milimani, ikishushwa Tanga, pwani, bila kuguswa kabureta itakosa petroli vivyo hivyo.

Hatua inayofuata ni kuongeza mgandamizo. Baadhi huondoa gasketi iliyo chini ya silinda ili pistoni ikaribie zaidi kichwa cha silinda. Wazoefu hupima kwanza kwa waya laini wa risasi, na hupenda ibaki nafasi ya nusu milimita hivi. Ikipungua sana, pistoni hugonga.

Kupanua matundu ya silinda ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Tundu la kutolea moshi likiinuliwa, injini hukimbia zaidi, lakini hupoteza mgandamizo na nguvu ya kuvuta ikiwa imebanwa ndani ya gogo. Likipanuliwa mno kwa upande, ringi ya pistoni huchungulia nje, hunasa na kuvunjika. Ukuta wa silinda nao una tabaka jembamba na gumu, ambalo hubanduka kama kingo hazikulainishwa. Kazi hii haifai kujifunzia kwenye msumeno unaolisha familia.

Yapo pia ya kisheria na ya usalama. Marekani inakataza kuharibu vifaa vya kudhibiti moshi, na katika misitu yake ya taifa chensoo lazima iwe na wavu wa kuzuia cheche. Anayeutupa wavu huo ili eksozi ipumue anaweza kuchoma msitu msimu wa kiangazi.

Kabla ya kugusa injini, mwenye chensoo ashike tupa anoe mnyororo. Mwaka 1947 Joseph Cox wa Oregon alitengeneza mnyororo wenye meno ya kukwangua baada ya kumtazama funza akitafuna mti, na mpaka leo misumeno mingi hutumia meno ya aina hiyo. Mnyororo butu hutoa vumbi. Ulionolewa hutoa vipande vinene. Kwa mpasuaji wa kawaida, tupa, kabureta iliyorekebishwa vizuri na kichujio safi cha hewa vitamletea mbao nyingi kuliko silinda iliyochongwa.