Bastola Iliyofichwa: Leseni za Texas Zimebadilikaje?

Katika vikundi vyetu wamo wazazi wenye watoto Dallas na Houston. Wanatuuliza: "Ni kweli huko mtu anatembea na bastola ndani ya koti bila cheti?" Basi tueleze pole pole.

Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina sheria yake juu ya kubeba bastola. Vermont haijawahi kudai leseni. Texas nayo imezunguka sana.

Ilivyoanza

Tangu mwaka wa 1871, raia wa kawaida wa Texas alikatazwa kutembea na bastola, isipokuwa kwa sababu chache. Mwaka wa 1991, mtu mmoja aliingia katika hoteli ya chakula mjini Killeen akaua watu 23. Suzanna Hupp alipoteza baba na mama hapo. Bastola yake alikuwa ameiacha garini kwa kuogopa sheria. Akaanza kupigania sheria ibadilishwe. Gavana Ann Richards alikataa mwaka wa 1993, lakini George W. Bush alitia sahihi mwaka wa 1995.

Leseni ilitaka nini?

Mtu alitoa alama za vidole, akachunguzwa kama ana makosa ya jinai, akasoma darasani na kupiga shabaha mbele ya mwalimu. Ada ilikuwa dola 140. Baadaye masharti yalilegezwa: masomo yalipunguzwa mwaka wa 2013, na ada ikashuka hadi dola 40 mwaka wa 2017.

Mabadiliko makubwa

Kuanzia tarehe 1 Septemba 2021, mtu asiyekatazwa na sheria kuwa na bunduki anaweza kubeba bastola bila leseni. Baadhi ya wakuu wa polisi walipinga, wakisema askari atashindwa kujua nani amefunzwa. Waliounga mkono walisema haki haihitaji kulipiwa. Leseni yenyewe haikufutwa. Wengi huichukua ili itambuliwe katika majimbo mengine.

Si Texas peke yake. Sasa zaidi ya nusu ya majimbo hayadai leseni. Na mwaka wa 2022 Mahakama ya Juu ilifuta sharti la New York kwamba mwombaji aonyeshe sababu ya pekee.

Mwambie mwanao

Si ati kila mtu ameruhusiwa. Aliye huko kwa viza ya muda, kama mwanafunzi, kwa kawaida hakubaliwi na sheria ya taifa kuwa na bunduki hata moja, na akishikwa anaweza kufungwa na kurudishwa nyumbani. Asishike ya rafiki, hata kwa mchezo au kupiga picha. Shuleni bastola hairuhusiwi, na mwenye duka anaweza kuikataza kwa kibao mlangoni.

Ya kujadiliana kikundini

1. Silaha ikiwa rahisi kupata, nani anakuwa salama zaidi, na nani anakuwa hatarini?
2. Je, mafunzo yawe ya lazima kabla ya mtu kubeba silaha? Kwa nini?