Muziki wa gqom na kasoro za sauti iliyobanwa

Msikilizaji, maelfu kwa maelfu ya abiria hupita kila siku Warwick Junction, mjini Durban, Afrika Kusini. Wengi huondoka kwa teksi ndogo, ambazo wewe wa Nairobi ungeziita matatu na wa Dar es Salaam daladala. Teksi za Durban ni miongoni mwa mahali ambapo muziki wa gqom, katika miaka ya 2010, ulipata wasikilizaji wake wa mwanzo. Vijana wa vitongoji waliutengeneza kwa kompyuta na kuusambaza kwa faili za MP3, kupitia intaneti na simu za mkononi.

Faili hizo, hata hivyo, hazibebi sauti yote. CD hutumia kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya kilobiti 128 haifiki hata sehemu moja ya kumi. Mfumo huo, uliobuniwa kwa kiasi kikubwa na watafiti wa taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani, hutupa kile ambacho sikio hudhaniwa halikisikii, yaani sauti ndogo inayofunikwa na kubwa.

Kwa mwimbaji na gitaa lake, hila hiyo hufaulu. Ngoma za kompyuta ni jambo jingine. Pigo la gqom huzuka ghafla. Programu huigawa sauti katika vipande vifupi, na makosa ya hesabu husambaa katika kipande kizima, hata kabla ya pigo lenyewe. Basi pigo hutanguliwa na mchakato mdogo wa kelele, na ukali wake hufifia. Matoazi nayo huumia, kwani kwa kiwango hicho programu nyingi hukata mitetemo inayozidi takriban 16,000 kwa sekunde. Besi, ile abiria anayoihisi kifuani, husalimika kwa kiasi kikubwa. Ndani ya teksi, injini ikinguruma, nani atalalamika? Kasoro hujitokeza katika ukumbi wa dansi wenye spika safi.

Kunakili faili kutoka simu hadi simu hakuipunguzii kitu. Uharibifu huongezeka mtu anapoichanganya na nyimbo nyingine, kisha akaibana tena. Kuipandisha hadi kilobiti 320 hakurudishi kilichotupwa. Hukuza faili tu. Mtayarishaji aliyeibiwa kompyuta bila kuweka akiba ya faili za awali hawezi kuupata tena wimbo wake kamili, hata akizikusanya nakala zote zilizomo katika teksi za Warwick.